Uzi: Kupiga picha ndege kwenye uwanja mdogo, na kwa nini pangaboi lisionekane limesimama

Mlinda Uzio (mwanzisha uzi)

Wadau, salaam. Nianze kwa kuwaomba radhi waliofungua uzi huu wakitarajia korongo na tai: ndege ninazokusudia ni zile zinazotua, si wale wanaotua. Kiswahili kiliwapa viumbe na mashine jina moja, kikauachia upatanisho wa kisarufi kazi ya kuvitenganisha, na mitambo ya kutafutia habari mtandaoni bado haijalizoea hilo. Ukiomba ushauri wa kupiga picha ndege unaletewa kurasa kumi za namna ya kujificha kichakani.

Ninachotaka tujadili ni upigaji picha kwenye viwanja vidogo, vile vyenye njia moja ya kurukia, jengo moja la abiria na safari chache kwa siku. Aliyesimama kando ya uwanja mkubwa akiikosa ndege moja husubiri dakika mbili nyingine ije. Sisi tukiikosa ya asubuhi, inayofuata ni ya alasiri, na huenda ni ileile imerudi. Hali hiyo hutulazimisha kuiamua picha kabla ndege haijaonekana: upepo unatoka wapi, jua liko upande gani, na ndege itanyanyua pua mahali gani. Hayo wengi wetu tunayajua. Kinachoharibu picha nyingi ninazoziona ni kasi ya shata, yaani sehemu ya sekunde ambayo kamera inaacha mwanga uingie.

Ndege nyingi za viwanja hivi ni za pangaboi (propela): ATR 72, Dash 8, Cessna Caravan na ndugu zao. Mtu aliyejifunzia kwenye ndege za jeti huja na mazoea ya shata ya 1/2000, anapata picha kali isiyo na dosari, kisha akiitazama vizuri anaona ndege imening'inia hewani huku mapanga yake yametulia kama ya feni umeme ulipokatika. Picha kama hiyo, hata iwe kali namna gani, inasema uongo.

Kuna hesabu fupi ambayo ingefaa kila mmoja aiweke kichwani. Chukua mizunguko ya pangaboi kwa dakika, zidisha kwa idadi ya mapanga, kisha gawanya kwa 60. Jibu ni idadi ya mapanga yanayopita mahali pamoja kwa sekunde moja. Ukiliweka jibu hilo chini ya moja, umepata kasi ya shata ambayo kwayo kila panga litafika pale alipokuwa jirani yake, yaani duara lote litajaa. ATR 72 za matoleo ya -500 na -600 zina mapanga sita kwa kila injini, na zinapopaa pangaboi huzunguka mara 1,200 kwa dakika. Jibu ni 120, kwa hiyo 1/125 inakupa duara karibu kamili. Dash 8-400 ina mapanga sita vilevile, lakini hupaa kwa mizunguko 1,020. Jibu ni 102, nawe unashuka hadi 1/100. Caravan ya kawaida ina mapanga matatu tu, ila yanakimbia hadi 1,900 kwa dakika, jibu ni 95. Ndege ndogo yenye pangaboi lenye haraka inadai shata ileile ya ndege kubwa yenye pangaboi la polepole, jambo ambalo lilinishangaza nilipolipiga hesabu mara ya kwanza. Cessna 172 inayokuja kutua, rubani akiwa amepunguza hadi mizunguko 1,500 hivi na mapanga yakiwa mawili, inataka 1/50, na hapo ndipo mikono inapopimwa. Helikopta sitaki hata kuzigusa: rota ya Robinson R44 ina mapanga mawili na huzunguka takriban mara 400 kwa dakika, kwa hiyo duara kamili lingehitaji 1/13.

Si lazima duara lijae. Nusu yake humtosha mtazamaji kuamini kwamba injini inafanya kazi, na kwa ATR nusu hiyo inapatikana kwenye 1/250.

Lenzi Ndefu

Mkuu, hesabu zako nimezikubali. Hitimisho lako sijalikubali. Ndege inayokimbia kilomita 200 kwa saa husogea sentimita 44 ndani ya muda ambao shata ya 1/125 iko wazi. Nimeijaribu njia hii mwezi mzima. Katika kila picha mia nilibaki na saba hivi, na katika hizo saba, mbili ndizo ambazo herufi za usajili zilisomeka. Kwa 1/1000 ninabaki na tisini. Wewe mwenyewe umesema tunapata ndege chache kwa siku. Sasa kwa nini mwenye nafasi chache ndiye azicheze kamari?

Kwangu picha ya ndege ni kumbukumbu kabla ya kuwa pambo. Tarehe 12 Agosti 1985 mtu mmoja aliyekuwa chini aliipiga picha Boeing 747 ya Japan Airlines, safari namba 123, ilipokuwa ikiyumba angani, na picha hiyo ikaonyesha kwamba sehemu kubwa ya mkia wa wima ilikuwa imekatika. Watu 520 walifariki katika ajali hiyo. Mbele ya jambo zito kama hilo, sioni kama kuna atakayeuliza iwapo kasi ya shata iliipendezesha picha.

Mlinda Uzio

Mfano wako ni mzito na ninauheshimu. Niongeze tu kwamba kilichosaidia pale ni umbo la ndege, si kusomeka kwa herufi, na kwamba pangaboi nalo ni sehemu ya kumbukumbu. Nitalirudia hilo.

Kuhusu kamari, mimi hukata bima kwanza. Ndege ikiwa mbali, bado inakuja, ninapiga picha mbili au tatu kwa 1/800, ili hata kila kitu kikiharibika niwe na herufi za usajili. Ikikaribia kuwa ubavuni mwangu ninazungusha kitufe hadi 1/250 na kuanza kuifuata. Siku ambayo mikono imetulia ninashuka zaidi. Anayeanza moja kwa moja na 1/125 anajionea.

Kuifuata kwenyewe huanzia miguuni. Elekeza vidole vya miguu mahali unapotaka kuipiga ndege picha, si mahali inapotokea; kisha pinda kiuno kurudi nyuma kuipokea, ili mwili uwe unafunguka kuelekea mahali pa raha badala ya kuzidi kujikaza. Viwiko vibane mbavuni. Anza kuifuata mapema, hata sekunde tano kabla, na usiache kuifuata baada ya kubonyeza. Wengi huganda kidole kinapogusa kitufe, na ule mgando mdogo ndio unaoonekana kwenye picha kama herufi zenye vivuli. Nukta ya fokasi iwekwe kwenye madirisha ya marubani au kwenye maandishi ya ubavuni, kamwe si kwenye pangaboi, kwa sababu kamera haiwezi kukishika kitu kinachozunguka. Kama lenzi yako ina kitulizaji (kifaa cha kupunguza mtikisiko) cha aina mbili, chagua kile kinachotuliza wima peke yake na kuuacha ulalo.

Ukifanya yote hayo na bado mkia ukatoka umelegea huku pua ikiwa kali, usijilaumu. Ndege ikiwa karibu, pua na mkia haviko kwenye umbali mmoja wala pembe moja kutoka kwako, kwa hiyo havipiti mbele ya jicho kwa kasi sawa, na kamera inaweza kukifuata kimoja tu. Chagua pua. Mtu akiona madirisha ya marubani ni makali hauulizii mkia.

Mgeni wa Kamera

Shikamooni wakubwa. Ninasoma kwa makini, lakini tatizo langu liko kabla ya hapo. Picha zangu zote za mchana zimelegea hata kwa 1/2000, zikiwemo za ndege iliyoegeshwa. Nimesafisha lenzi, nimeazima lenzi nyingine, hali ni ileile. Kwa simu pia nimejaribu, nayo imeyapinda mapanga kama mundu. Je, kamera ni mbovu?

Lenzi Ndefu

Marahaba. Kamera yako ni nzima. Unachopambana nacho ni mazigazi, yaani hewa ya joto inayopanda kutoka kwenye lami na kuupindisha mwanga kabla haujafika kwenye lenzi. Ikuze picha mojawapo utazame ukingo wa bawa: kama umechorwa kwa mkono unaotetemeka, wakati majani yaliyo karibu nawe ni makali, basi lenzi haina kosa. Hakuna shata itakayoponya hilo, kwa sababu mwanga wenyewe umefika umeharibika, na lenzi ndefu zaidi inauzidisha ugonjwa kwa kuwa inakupa tamaa ya kupiga mbali zaidi.

Dawa ni kupunguza hewa iliyo kati yako na ndege. Sogea karibu, panda juu kama pana mahali palipoinuka, au subiri ndege iwe imepaa, kwa sababu hewa inayochemka zaidi ni ile inayoikaribia lami. Kubwa kuliko yote, njoo asubuhi. Saa moja na nusu ya kwanza baada ya jua kuchomoza lami bado ina ubaridi wa usiku. Kwenye asubuhi zenye unyevunyevu mwingi utapata na zawadi nyingine: ndege ikiongeza nguvu, ncha za mapanga huchora nyuzi nyeupe za ukungu zinazojiviringa kuelekea nyuma. Zinadumu sekunde chache, na hapo hata mimi ninashusha shata.

Asubuhi ina faida ya pili ambayo wenzetu wa jeti hawaihitaji sana. ATR, Dash 8 na Caravan zote zina mabawa juu ya kiwiliwili. Jua likiwa utosini, bawa linakitia kivuli kiwiliwili chote, unabaki na mgongo mweupe uliounguzwa na ubavu mweusi. Jua likiwa chini linapita chini ya bawa, na rangi zote zinatokea.

Mapanga yaliyopinda kama mundu ni tabia ya kamera isomayo picha mstari kwa mstari badala ya yote kwa pamoja. Panga linakuwa limeshahama kabla mistari ya chini haijasomwa. Kamera nyingi zisizo na kioo cha ndani (mirrorless) zina shata ya kimyakimya inayofanya vivyo hivyo. Kwa ndege za pangaboi, izime.

Mnara Mstaafu

Nimefanya kazi ya kuongoza ndege kwa miaka mingi na sasa ninazitazama kwa raha, kwa hiyo nichangie upande wa wapi pa kusimama.

Namba iliyoandikwa mwanzoni mwa njia ya kurukia ni mwelekeo wake wa dira uliokadiriwa kwa makumi na kuondolewa sifuri. Njia inayoitwa 09 upande mmoja, upande wa pili ni 27. Ndege hupaa na kutua zikiukabili upepo, kwa hiyo taarifa ya hali ya hewa ya uwanja ikiwa na kundi 09012KT, maana yake upepo unatoka mashariki kwa kasi ya noti 12 (maili za baharini kwa saa), nanyi mnajua kwamba ndege zitatokea magharibi. Anayeangalia hilo nyumbani anaokoa kilomita kadhaa za kuuzunguka uzio akiwa amebeba mizigo.

Ndege inayofuata mteremko wa kawaida wa nyuzi 3 huwa na kimo cha mita 52 ikiwa imebakiza kilomita moja kufika mahali inapogusa ardhi. Kimo hicho si kikubwa. ATR 72 ina urefu wa mita 27, na ukiwa umbali wa mita 200 kutoka kwake, kwa kamera yenye kihisi (sehemu inayopokea mwanga) kidogo, lenzi ya milimita 140 inatosha kuijaza picha. Wanaohangaika kutafuta lenzi za milimita 600 kwa uwanja mdogo wananunua mazigazi.

Jua nalo si la upande mmoja mwaka mzima kwa sisi tunaoishi karibu na ikweta. Katikati ya mwaka linapita kaskazini, mwishoni mwa mwaka kusini. Uzio uliokufaa Juni utakuweka uso kwa uso na jua Desemba.

Sasa yasiyopendeza. Ulizeni ruhusa, kwa maandishi ikiwezekana, na muulize tena mkiambiwa sheria imebadilika. Uwanja mdogo mara nyingi unatumiwa pia na jeshi, na hapo kamera hubadilika maana machoni mwa mlinzi. Novemba 2001 Waingereza 12 na Waholanzi 2 walikamatwa Kalamata, Ugiriki, kwenye kituo cha jeshi la anga, wakashtakiwa kwa mambo ya ujasusi. Walitiwa hatiani Aprili 2002, na hukumu ikatenguliwa kwenye rufaa Novemba ya mwaka huohuo. Ilikuwa burudani ya kuandika namba za ndege. Redio ya kusikilizia mazungumzo ya mnara nayo si halali kila nchi. Ngazi msiiegemeze kwenye uzio, taa ya kamera msiiwashe usiku kuelekea kwa ndege inayotua, na nyuma ya ndege inayojiandaa kuondoka msisimame hata kama uzio unaruhusu. Julai 2017 mtalii mmoja alipoteza maisha kando ya uwanja wa Princess Juliana, kisiwani Sint Maarten, baada ya kurushwa na upepo wa injini za ndege iliyokuwa ikipaa upande wa pili wa uzio.

Mlinda Uzio

Asante sana, mzee wetu. Kwa wale ambao uzio wao ni wa nyavu za waya, nyongeza ndogo: sogeza lenzi hadi iguse waya, fungua tundu la lenzi hadi mwisho, na waya utayeyuka. Kinachoonyesha waya ni kusimama nyuma hatua mbili na kufunga tundu hadi f/11, ambavyo ndivyo 1/125 inavyokushawishi ufanye mchana. Shusha ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) hadi mwisho kwanza. Kama mwanga bado ni mwingi, kichujio cheusi cha lenzi kitakuokoa.

Daftari nalo msilidharau. Kanuni za kimataifa zinataka herufi za usajili kwenye kiwiliwili ziwe na kimo cha sentimita 30 au zaidi, na zilizo chini ya bawa sentimita 50, kwa hiyo zinasomeka. Lakini usajili hubadilika ndege ikiuzwa: iliyokuwa 5Y ya Kenya huweza kurudi ikiwa 5H ya Tanzania, imepakwa rangi nyingine, na ukadhani ni mgeni. Namba ya kiwandani haibadiliki. Iandikeni zote mbili, pamoja na saa.

Mgeni wa Kamera

Nimerudi. Leo niliwahi asubuhi, upepo ulikuwa wa mashariki kama taarifa ilivyosema, na picha zimetoka kali mno hadi nimeona misumari ya ubavuni. Ila kuna moja inanisumbua. ATR ilikuwa imeegeshwa, abiria wanapanda kwa ngazi ya nyuma, na nilisikia injini inaunguruma waziwazi. Nilipiga kwa 1/1600. Kwenye picha mapangaboi yote mawili yamesimama. Kushoto ninaelewa, kwa sababu watu walikuwa wanapita upande huo. Kulia nyuma ya injini kuna mazigazi mazito, mlingoti wa taa ulio ng'ambo umepinda kabisa. Je, pangaboi la kulia lilikuwa linazunguka na shata yangu ikaligandisha, au lilikuwa limesimama? Nimeitazama picha nusu saa nzima bila kujua.

Lenzi Ndefu

Kwa macho yako uliliona likizunguka?

Mgeni wa Kamera

Nilikuwa nimeegemeza jicho kwenye kamera muda wote.

Mnara Mstaafu

Lilikuwa limesimama. Ndege nyingi za abiria zina injini ndogo mkiani ya kuzipatia umeme na hewa zikiwa zimeegeshwa. ATR haina. Badala yake injini yake ya kulia ina breki ya pangaboi: injini inawaka, inatoa umeme na hewa ya kupooza chumba cha abiria, huku pangaboi likiwa limefungwa. Marubani huiita hali ya hoteli. Mlango wa abiria uko kushoto nyuma, kwa hiyo injini ya upande huo inabaki imezimwa. Mlingoti wako uliopinda ndio ushahidi: ni moto wa injini inayofanya kazi.

Mlinda Uzio

Hili ndilo nililosema nitalirudia. Picha ya kijana huyu ni kali, herufi zinasomeka, misumari inahesabika, na bado imeshindwa kujibu swali jepesi kuliko yote kuhusu ndege ile: pangaboi linazunguka au halizunguki. Bila mlingoti wa taa tusingejua. Kwa 1/60 pasingekuwa na swali, maana ndege imeegeshwa na hakuna cha kuifuata. Lililosimama lingekuwa kali, linalozunguka lingekuwa duara.

Lenzi Ndefu

Kwa ndege iliyoegeshwa umenipata, mkuu. Kuanzia kesho maegesho ninayapiga kwa 1/60. Inayopaa itaendelea kupigwa kwa 1/1000, na tutaendelea kubishana.

Mgeni wa Kamera

Ya alasiri ilichelewa, lakini nimeisubiri. Nilianza kwa 1/800 kama mlivyoelekeza, kisha nikashuka hadi 1/250 ilipofika ubavuni. Picha 38, kali ni nne. Katika moja ya hizo nne mkia umelegea, madirisha ya marubani yako sawa, na pangaboi limejaa nusu. Rubani wa kushoto ameinua mkono. Sijui alikuwa ananipungia au anafikia swichi.